Kocha Hakimbii: Tafakari kwa Vijana juu ya Bruda Colm wa Iten



 Wiki hii nawaalika tutafakari pamoja juu ya mtu ambaye wengi wetu hatulijui jina lake, ingawa vijana waliopita mikononi mwake tumewaona kwenye televisheni wakizunguka uwanja na bendera mabegani. Anaitwa Bruda Colm O'Connell. Ni Mwairishi, ni mtawa, alikuwa mwalimu wa jiografia, na amekuwa kocha wa riadha kwa miongo kadhaa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mwanariadha.

Kwa kuwa ni mwalimu wa jiografia, tuanze na ramani.

Sisi wa Newala tunajua maana ya kuishi ukingoni. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ardhi inaishia karibu na miguu yako, bonde linateremka kuelekea Mto Ruvuma, na ng'ambo kule ni Msumbiji. Sasa peleka macho mbali, hadi magharibi ya Kenya. Huko kuna mji mdogo unaoitwa Iten, nao umekaa ukingoni vilevile. Ukisimama Iten unaliona Bonde la Kerio likiwa chini yako kabisa. Tofauti kubwa ni urefu: Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, asubuhi ni baridi, na barabara za udongo zinapanda na kushuka. Leo wakimbiaji wa dunia nzima wanasafiri kwenda kufanya mazoezi huko. Lakini mwaka 1976 Iten ilikuwa kituo kidogo tu, chenye shule ya sekondari ya wavulana iitwayo St Patrick's.

Hapo ndipo Bruda Colm alipofika, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, umri ambao wengi wetu tunaosoma hapa tunao.

Aliyefika asikokujua

Bruda Colm ni wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patriki, lililoanzishwa mwaka 1808 katika mji wa Tullow, Ireland, na Askofu Daniel Delany. Kazi yao tangu mwanzo ni kufundisha vijana. Hivyo Bruda alipokwenda Kenya hakwenda kutafuta mabingwa. Alikwenda kushika chaki, na wala hakutegemea kukaa muda mrefu.

Pale shuleni alimkuta Mwingereza mmoja wa kujitolea, Peter Foster, akiwafundisha wavulana kukimbia. Huyu Peter ni ndugu yake Brendan Foster, aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo wa 1976. Bruda akaanza kumsaidia. Baadaye Peter akarudi kwao, na timu ikabaki bila mtu. Basi akabaki na timu yule aliyekuwepo, yaani mwalimu wa jiografia.

Jamani, tuelewane hapa. Hakuwa na cheti cha ukocha. Hakuwa na historia ya kukimbia. Alichokuwa nacho ni wavulana wanaotaka kukimbia, na macho ya kuwatazama. Akaanza kwa kutazama tu. Nani anakimbia akiwa amekunja mabega? Nani anamaliza mazoezi akiwa bado ana pumzi? Nani anajisukuma mpaka anaumia? Alijifunza riadha kutoka kwa wale aliopewa kuwafundisha riadha. Ndiyo maana hata baadaye, alipokuwa anaheshimiwa duniani, mazoezi yake yaliendelea kuwa ya taratibu: mkao wa mwili, mpangilio wa hatua, utulivu. Watu walikuwa wanakuja Iten wakitafuta siri kali, wanakuta kikundi cha vijana kinakimbia polepole na mzee amesimama pembeni anawaangalia.

Hili la kocha kufundishwa na wanafunzi wake si la Iten peke yake. Marekani wana mchezo wao wanaouita futiboli, ule wa kubeba mpira mkononi na kuvaa kofia ngumu, na vyuo vikuu vyao vinaupenda kupita kiasi. Miongoni mwa makocha wakubwa wa mwanzo wa mchezo huo ni Knute Rockne, mzaliwa wa Norway, aliyekuwa kocha mkuu wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Notre Dame kuanzia 1918 hadi 1930. Timu zake zilishinda mechi 105 na kufungwa 12 tu. Lakini kwetu sisi jambo kubwa ni hili: Rockne alifika pale akiwa si Mkatoliki. Aliwaona wachezaji wake wakiamka mapema kwenda kupokea Komunyo, na jambo hilo likamgusa. Mwaka 1925 alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Aliyekuwa anawafundisha kupiga hatua uwanjani, wao walimfundisha njia ya kwenda altareni.

Kwa hiyo wewe unayefundisha katekisimu, unayeongoza kwaya ya watoto, unayesimamia TYCS shuleni kwako, usidhani unatoa tu. Watazame hao watoto. Mungu anaweza kuwa ameficha somo lako ndani yao.

Kwa nini nasema kocha hakimbii

Nilipokuwa nasoma falsafa, kuna swali moja lilinikaa kichwani kuliko mengine: mwalimu anafanya nini hasa? Je, anachukua maarifa yake na kuyamimina kichwani mwa mwanafunzi kama tunavyomimina maji kwenye ndoo? Mtakatifu Tomaso wa Akwino analijibu swali hili katika maswali yake kuhusu ukweli, na anatumia mfano wa mganga. Anasema kwa ufupi kwamba mganga haumbi afya. Mwili wenyewe una nguvu ya kupona aliyoiweka Mungu, na mganga anaisaidia tu kwa dawa na uangalizi. Mwalimu naye ni hivyohivyo. Nuru ya akili iko tayari ndani ya mwanafunzi, imewashwa na Mungu. Mwalimu anasaidia ile iliyo katika uwezekano itoke na kuwa tendo.

Ukitaka kuuona mfano huo kwa macho, mtazame kocha wa riadha. Mwalimu wa hesabu anaweza kukufanyia swali ubaoni, fundi anaweza kukumalizia kazi iliyokushinda, lakini kocha hawezi kukukimbilia hata mita moja. Filimbi ikilia, yeye yuko nje ya mstari. Kila kitu alichokupa kiwe tayari kimekuwa chako, vinginevyo hakuna alichokupa.

Wapo wanaosema, "Aah, Bruda ana nini? Ni urefu wa Iten ule, ni hewa, ni Wakalenjin wenyewe." Kuna ukweli ndani yake, na Tomaso asingekasirika kuusikia. Ndiyo, Mungu ndiye aliyeweka mlima na mapafu na miguu. Lakini mlima ulikuwepo pale miaka elfu na elfu. Swali langu ni jingine: nani alisimama asubuhi kwenye baridi ile akamwambia mtoto mmoja, kwa jina lake, kwamba jana mkono wako wa kushoto ulikuwa unapanda sana?

Na hapa kwetu je? Juu ya uwanda huu wa Makonde kuna watoto wenye sauti za kuimba, wenye mikono ya kuchonga, wenye akili za hesabu, wenye miguu ya kukimbia. Mungu hajatunyima. Nani anawatazama?

Mtume Paulo aliwahi kuwakemea Wakorintho walipoanza kugawana makundi, huyu wa Paulo na yule wa Apolo. Akawaambia kwamba wao wawili ni vibarua tu shambani. Aliyepanda na aliyemwagilia hawana cha kujivunia, maana mmea unaoteshwa na Mungu (soma 1Kor 3:5-9). Kocha hakimbii, na kocha haoteshi. Anamwagilia.

Miaka 12

Sasa tuje kwenye subira, kaka na dada zangu, maana hapa ndipo wengi tunapoteleza.

Mwaka aliofika Bruda, Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal. Nchi nyingi za Afrika zilifanya hivyo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imecheza Afrika Kusini ya makaburu. Sisi Watanzania tunakumbuka vizuri, kwani Filbert Bayi wetu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii ile ya Moscow. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ya Bruda pale Iten, hata kama angekuwa na kijana mwenye miguu ya dhahabu, mlango mkubwa kuliko yote ulikuwa umefungwa. Na aliendelea kwenda uwanjani.

Mwaka 1988, Seoul, kijana aliyesoma St Patrick's, Peter Rono, aliingia fainali ya mita 1,500. Hakuwa anatajwa sana. Alikuwa na miaka 21, na wakati huo alikuwa anasoma Marekani katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Mount St Mary's, Maryland. Kukiwa kumebaki kama mizunguko miwili, akashika uongozi, na hakuna aliyempita mpaka mwisho. Dhahabu.

Hesabuni wenyewe: 1976 mpaka 1988 ni miaka 12. Ni muda wa mtoto kuanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha tano. Sisi tukiweka picha mtandaoni na baada ya dakika kumi na mbili hakuna aliyeipenda, tunaifuta!

Baada ya hapo wengine walifuata. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bruda alianza kambi za likizo kwa vijana, na huko wasichana nao wakapata nafasi ambayo shule ya wavulana isingeweza kuwapa. Janeth Jepkosgei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800 kule Osaka mwaka 2007, ni mmoja wa wakimbiaji wake. Wilson Kipketer, aliyesoma St Patrick's, alihamia Denmark, na mwaka 1997 akiwa anakimbilia nchi hiyo aliweka rekodi ya dunia ya mita 800: dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13. Ilivunjwa Agosti 2010 na kijana mwingine wa Bruda huyohuyo, David Rudisha.

Pale St Patrick's kuna desturi ya kupanda miti na kuipa majina ya wanafunzi waliofanya vizuri duniani. Sisi watu wa korosho hatuhitaji maelezo marefu juu ya hilo. Mkorosho hauzai mwaka ule unaoupanda, na wengi wetu tumesomeshwa kwa korosho za mikorosho iliyopandwa na mababu ambao hawakuwahi kuziona ada zetu zikilipwa.

Swali la dada mmoja

Niwaambie kwa nini nimeamua kuandika haya. Kama mnavyojua, hapa Kitangari kuna chuo cha ualimu. Niko likizo parokiani, na Jumapili moja baada ya Misa dada mmoja anayesomea ualimu aliniuliza hivi:

"Frateri, mtu ukipelekwa kijijini ukafundisha miaka thelathini, ukastaafu, hakuna hata anayekujua, maisha hayo umeyatumia au umeyapoteza?"

Halikuwa swali la mzaha. Kuna vijana wanaosubiri ajira mwaka wa pili, wa tatu. Kuna wanaopangiwa shule zisizo na nyumba ya mwalimu, wala maji karibu, na watu wa uwanda huu mnajua maji yanavyotusumbua. Kwa hiyo sitaki kumjibu kwa maneno matamu.

Kwanza, tuwe wakweli. Bruda Colm ana jumuiya, ana nadhiri, hana watoto wa kulisha. Mwalimu mwenye familia hali yake ni nyingine. Mtu asichukue maisha ya Bruda akayafanya kisingizio cha kumwambia mwalimu wa kijijini, "Wewe jitolee tu, mshahara ni mbinguni." Hapana. Mafundisho ya Kanisa yako wazi kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Kudai haki yako hakupingani na wito wako.

Pili, dada yangu, siwezi kukuahidi Rudisha. Hili ndilo gumu zaidi. Hadithi kama hizi tukizisikia tunafikiri maana yake ni kwamba ukivumilia, siku moja atatokea bingwa, na wewe utatajwa kwenye hotuba yake. Lakini je, asipotokea? St Patrick's imepitisha wavulana wengi mno miaka hiyo yote. Dunia inawajua wachache. Wengine wote walikimbia, wakashika nafasi ya saba, ya kumi, ya mwisho, wakamaliza shule, wakawa wakulima, makarani, walimu, baba za watu. Hakuna mti wenye majina yao.

Je, hao walikuwa takataka za kiwanda cha medali? Kama jibu ni ndiyo, basi kazi yote ya Bruda ni ya kibiashara tu na sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kuitafakari. Lakini yeye alikuwa kwanza mwalimu wao wa darasani. Yule aliyeshika mkia uwanjani asubuhi, mchana alikaa kwenye dawati mbele yake kama wengine, na ramani ya dunia ilikuwa yake pia.

Ndiyo maana nasema kocha anapimwa kwa aliyeshindwa. Mwaka 2009 Rudisha alikwenda mashindano ya dunia Berlin akiwa anatazamiwa sana, akatolewa nusu fainali. Hapo ndipo unajua kama kocha alimpenda mkimbiaji au aliipenda medali. Anayependa medali anatafuta mkimbiaji mwingine. Bruda na Rudisha walirudi Iten kwenye mazoezi yaleyale. Mwaka uliofuata, ndani ya wiki moja, rekodi ya dunia ilivunjwa mara mbili.

Michezo imejaa watu wanaowatazama vijana kama mtaji. Kenya yenyewe imeumizwa sana na kesi za wakimbiaji waliotumia dawa zilizokatazwa. Nyuma ya kijana anayeharibikiwa hivyo, mara nyingi kuna mkubwa aliyetaka matunda kabla ya msimu. Na si michezoni tu. Kuna mzazi anayekimbia kwa miguu ya mtoto wake, anamlazimisha udaktari kwa sababu yeye aliukosa. Kuna kiongozi wa vijana anayetaka kwaya ishinde ili yeye atajwe. Tujihadhari. Mtoto wa mtu si ngazi.

Aliyebaki pembeni

Tarehe 9 Agosti 2012, London, fainali ya mita 800. Rudisha aliongoza tangu mwanzo, hakusubiri mtu, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna mwanadamu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya 1:41. Sasa angalieni aliyekuwa wa mwisho: alimaliza kwa 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu ya Olimpiki ya Beijing miaka minne kabla yake. Mmoja alikimbia kwa moyo wote, na wote saba nyuma yake wakavutwa. Mtakatifu mmoja kwenye jumuiya hufanya hivyohivyo.

Na kocha wake alikuwa wapi siku hiyo? Hakuwa uwanjani London. Alikuwa Iten, anaangalia kwenye televisheni kama mimi na wewe.

Nikikumbuka jambo hilo nawaza juu ya Yohane Mbatizaji. Wanafunzi wake walimjia na wivu, kwamba watu wote sasa wanamkimbilia Yesu. Yeye akajieleza kuwa ni rafiki wa bwana arusi: harusi si yake, na furaha yake ni kuisikia sauti ya mwenye harusi. Alikubali kupungua ili Mwingine azidi (soma Yn 3:25-30). Kwenye harusi za kwetu mnamjua rafiki huyo. Ndiye anayehangaika na viti, maturubai na maji, na kwenye picha haonekani.

Watu huuliza, "Kwa nini mtu huyu hakuwa padri?" Sisi wa Kusini tusiulize hivyo. Wabenediktini wako Ndanda tangu mwaka 1906, na tumewaona mabruda katika karakana na mashamba. Bruda si padri aliyeishia njiani. Ni mtu aliyeitwa kumfuata Kristo katika kazi na sala bila kusimama altareni. Kijana wa kiume unayesoma hapa, unayejiuliza juu ya wito, mlango huo nao upo. Ombea, uliza.

Lakini jibu langu kubwa kwa yule dada liko Nazareti. Alisema miaka thelathini. Dada, Luka anatuambia kwamba Bwana wetu alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa kama miaka thelathini (Lk 3:23). Yaani Mwana wa Mungu, aliyekuja kuukomboa ulimwengu wote, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kijijini, akifanya kazi ya mikono, na karibu hakuna tunalosimuliwa juu ya miaka hiyo. Kama maisha ya kijijini yasiyojulikana ni maisha yaliyopotea, basi Yesu alipoteza mengi kuliko aliyoyatumia. Nani anathubutu kusema hivyo?

Na nani alikuwa akimlea huko? Maria, na Yosefu. Mtazameni Yosefu. Katika Injili zote nne hakuna neno lake hata moja. Alimfundisha Yesu kushika zana za useremala. Alimpeleka hekaluni. Kisha anatoweka kwenye masimulizi. Hakuuona muujiza wa Kana. Hakuwasikia umati wakishangilia kwa matawi. Hakuliona kaburi tupu. Bruda Colm angalau alikuwa na televisheni. Yosefu hakuiona fainali kabisa. Na Kanisa zima linamwita mlinzi wake.

Basi umeyatumia maisha au umeyapoteza? Dada yangu, inategemea ulimpenda nani pale darasani. Mbele ya Mungu hakuna mtoto aliyefundishwa kwa upendo ambaye hesabu yake inapotea, hata kama yeye mwenyewe atasahau jina lako. Tena anaweza kulisahau mapema sana, wala usishangae.

Tujipime

Wiki hii, kila mmoja wetu akae kimya dakika chache, ikiwezekana mbele ya Ekaristi, ajiulize:

1. Ni nani aliyesimama pembeni ya njia yangu ili mimi nikimbie? Katekista, mwalimu, bibi, kaka? Nimewahi kumshukuru? Kama yu hai, mpigie simu leo. Kama amelala, muombee Misa.

2. Ni kijana au mtoto gani Mungu ameniwekea mbele yangu nimtazame? Namfahamu kwa jina?

3. Namsaidia akue awe yeye, au nataka akimbie mbio zangu?

4. Yule anayeshindwa kwenye kikundi changu, anayekuja wa mwisho kila mara, je, ananiona mimi kama mtu wa kwake?

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemkabidhi Mwanao kwa seremala wa Nazareti, uwabariki walimu wetu, makatekista wetu na makocha wetu, hasa wale walio mbali na macho ya watu. Wape mishahara yao kwa haki, wape nyumba na maji, wape afya. Utupe sisi vijana moyo wa kukimbia mbio ulizotuwekea, na moyo wa kusimama pembeni kwa furaha zamu ya wenzetu inapofika. Mtakatifu Yosefu, mlezi uliyenyamaza, utuombee. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia juma lenye baraka. Tuombeane.

Frateri wenu,
Kitangari, Newala